Kitenge Mlangoni

Kinyala, Rungwe
2 Februari 2025

Mkwe wangu Pudensiana,

Pokea salamu za nyumba uliyoiacha ikinyeshewa na ambayo mpaka leo inanyeshewa. Sisi ni wazima. Mama mkwe wako anasumbuliwa na magoti, lakini mdomo wake haujawahi kuumwa hata siku moja. Wifi yako Tulia bado anauza parachichi pale Msasani ya Tukuyu, na ndiye atakayeipeleka barua hii posta. Nimemwambia kwamba akiifungua nitajua. Chai inachumwa. Ng'ombe mwekundu amezaa, ndama dume, basi tunamtazama tu.

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Namba yako Tulia anayo, na mara mbili amenipa simu niongee nawe nikamrudishia. Wewe ni mke wa mwanangu. Kwa mila ya hapa, baba hamwoni uso mke wa mwanawe, hakai naye chumba kimoja wala hasalimiani naye. Wengi wameiacha, hasa wa mjini. Mimi sijaiacha. Lakini karatasi haina uso wala sauti. Nimetafuta njia ya kukufikia tangu tulipomzika Godwin, na baada ya miezi mitano nimeona njia ni hii.

Sasa neno lenyewe. Vitu vya marehemu vililetwa huku kutoka chumba chenu cha Msasani, na ndani yake ilikuwamo ile kompyuta yake ndogo ya kuingizia watu miziki na picha. Siku ya Krismasi Tulia aliifungua. Ikamuuliza kama anataka kuendelea pale picha ilipoishia, naye akakubali. Ikatokea picha ya Wajapani.

Sikujua kuwa Wajapani wana chai. Nimekuwa karani wa mizani kwenye kituo cha chai miaka ishirini na saba, na sijaona chai iliyopogolewa namna ile, imeviringana juu kama mikate iliyopangwa dukani. Mchumaji anasimama wapi? Basi, msichana yuko stesheni na begi, kijana anakimbia katikati ya hiyo chai, na treni inakuja. Tuliitazama mpaka mwisho. Maneno ya chini yalikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza changu kinaishia kwenye kilo. Mama mkwe wako alilia. Nikamuuliza analilia nini, akasema hajui. Tangu siku hiyo nimeifungia kompyuta sandukuni na hakuna anayeigusa.

Nataka kujua mwanzo wake. Kwa nini msichana anaondoka? Walikosana? Wewe uliiona na mume wako. Niandikie.

Jambo la pili. Tarehe 16 Agosti tutajengea kaburi na kuweka msalaba. Nafasi yako ipo.

Mimi, baba wa Godwin,
Anyelwisye


Mpanda
9 Machi 2025

Shikamoo Baba,

Barua yako ilinifikia tarehe 18 mwezi uliopita. Ilikaa kwenye droo pamoja na kadi za kliniki muda wote huo. Nakwambia ukweli tu, sina sababu nyingine.

Hapa salama. Joto ni kali na malaria ni nyingi, kwa hiyo kazi haiishi. Nimepanga chumba kimoja karibu na kituo cha afya. Mama yangu kule Karagwe hajambo, na ananiambia nikusalimu ingawa hajawahi kukuona. Na mimi pia sijawahi kukuona, Baba, labda mgongo.

Habari za mila Godwin aliniambia. Sikumwamini. Nilidhani ananifunika nisione aibu. Kwetu mkwe anapiga magoti, anasalimia, baba mkwe anaitikia na kuuliza habari za nyumbani. Nilipoletwa Kinyala mara ya kwanza niliingia sebuleni na mkono nimeunyoosha, nawe ukatoka kwa mlango wa nyuma. Mkono ukabaki hewani. Kule Tukuyu nilifanya kazi na manesi wawili wa huko huko, wameolewa huko huko, na wote wanakula meza moja na baba wakwe zao. Nikajua kuwa kinachokataliwa ni mgeni. Kisha siku ya mazishi ukasimama kwenye migomba ukanipa mgongo mbele ya watu wote. Ndiyo maana niliomba uhamisho bila kuja kuaga.

Siandiki kwa hasira. Hasira sina. Tangu Septemba sina kitu chochote. Nachoma sindano, nafua, nakula, nalala. Unajua mkono uliolaliwa unavyokuwa, upo na unauona, lakini ukiubana hausikii. Mimi ni hivyo mwili mzima, na kusema kweli hausumbui.

Muvi siikumbuki vizuri. Kuhusu Agosti, ratiba ya likizo bado haijatoka.

Mkweo,
Pudensiana


Kinyala
30 Machi 2025

Mkwe wangu,

Nimefurahi kuona mwandiko wako. Nilidhani manesi wote wanaandika kama kuku aliyetoka matopeni, kumbe wako unasomeka. Huku mvua ndiyo imeamua sasa. Barabara ya kushuka Tukuyu inateleza na Tulia anashinda huko huko Msasani hadi Jumamosi. Wiki iliyopita alikwenda Isongole kununua viazi, akarudi na viazi na mafua. Mama mkwe wako anauliza kama huko Mpanda unakula ndizi au unakula ugali tu kila siku. Mjibu, asije akaniuliza tena.

Nimesoma habari za mkono uliobaki hewani. Nilisoma mara ya kwanza nikakasirika, mara ya pili nikaona aibu. Acha nikueleze siku ile upande wa pili wa mlango. Nilikuwa nimevaa viatu vya kanisani kwa ajili yako. Nilijua Godwin anakuja na mke, na nilipanga kukaa chumba cha ndani nisikie sauti zenu zikicheka na Mama, kama baba yangu alivyokaa kumsikiliza Mama. Wewe ukaingia na mkono mbele kama mtu wa kampeni! Nikatoka mbio. Mlango wa nyuma unaangalia zizi. Viatu vile Mama alivisafisha siku mbili na harufu haikutoka. Usiku kucha alinicheka. Nilidhani Godwin amekueleza na umeelewa, na kwamba huko nyumbani kwenu mnacheka pia.

Sasa habari ya mazishi. Hili nitaliandika mara moja tu. Ulisimama pembeni ya kaburi, upande wa kichwani. Hiyo ni haki ya mke na hakuna ambaye angekuondoa. Nisingeweza kutazama kaburi bila kukutazama wewe. Kwa hiyo niligeuka. Mkwe wangu, sikumwona mwanangu akishushwa. Nilisikia kamba, nikasikia udongo. Wewe uliona mgongo wangu, na mimi niliona migomba.

Basi. Niambie mwanzo wa ile picha. Mtu anayekumbuka vipimo vya dawa mia moja hawezi kusahau picha moja.

Baba wa Godwin,
Anyelwisye


Mpanda
11 Mei 2025

Shikamoo Baba, na Mama pia,

Mwambie Mama ndizi zipo ila zinatoka mbali na zinafika zimechoka. Nakula ugali. Mvua zimekwisha huku na mbu wamebaki. Mama yangu ameanguka kidogo akiteka maji lakini amepona. Mimi nipo.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Ile habari ya kamba na udongo ilipaswa kuniliza. Nilikaa nikaingoja, haikuja, nikaenda zamu.

Muvi naikumbuka. Nilikudanganya.

Msichana anatoka mji mkubwa. Bibi yake amefariki, na yeye ametumwa kijijini wiki tatu, mwishoni kabisa mwa msimu wa joto, kutoa vyombo na kuifunga nyumba kabla haijauzwa. Kijana ni dereva wa kigari cha kubebea majani ya chai. Anakuja kumsaidia kuhamisha kabati. Kesho yake anakuja tena ingawa hakuna kabati. Ndiyo muvi yote, Baba. Wanakula tikiti. Wanakaa barazani wameweka miguu kwenye beseni la maji kwa sababu ya joto, kila mtu na beseni lake. Wadudu wanapiga kelele kwenye miti tangu mwanzo hadi mwisho. Hawajakosana. Hawashikani hata mkono na hakuna anayesema anapenda. Wote wawili wanajua tarehe ya treni tangu siku ya kwanza. Kuna siku kijiji kizima kinakwenda mtoni kuachia vitaa vya karatasi vielee majini. Godwin aliniambia kuwa watu wale wanaamini marehemu wao huja kuwatembelea mwishoni mwa joto, halafu husindikizwa kama unavyomsindikiza mgeni.

Tulikutana kwa sababu ya muvi hizo, sijui kama alikwambia. Ilikuwa Agosti 2023, nilipeleka flashi kwenye kibanda chake nikitaka tamthilia za Kikorea kama kila mtu. Akaniwekea na hii ya Kijapani ambayo sikuiomba. Niliporudi kuuliza maana yake akasema hizi hakuna mteja anayezitaka, kwa hiyo ni zake peke yake, na sasa ni zetu. Tulitazama nyingi. Nilimuuliza anapenda nini kwenye picha ambazo hakuna kinachotokea. Akasema, "Wale wanajua inaisha, ndiyo maana hawagombani." Tukuyu haina msimu wa joto. Tulikuwa tunatazama joto la watu tukiwa ndani ya blanketi moja, tumevaa soksi. Yeye alikuwa anavua zake, na kile kidole chake cha pili kilichopanda juu ya kidole gumba nilikuwa nakishusha kwa mguu wangu, nacho kinapanda tena. Nisamehe kwa kukuandikia hivi. Umesema karatasi haina uso.

Ile uliyoiona hatukuimaliza. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 7 Septemba, saa kumi na mbili jioni. Msichana alikuwa ndiyo kwanza amefika stesheni. Umeme ukakatika. Kesho yake Godwin hakurudi.

Kwa hiyo mimi nina mwanzo na wewe una mwisho. Kama si usumbufu, niandikie ulivyokuwa.

Pudensiana


Kinyala
1 Juni 2025

Mkwe wangu,

Huku baridi imeingia. Asubuhi ukungu unakaa mlangoni kama mgeni asiyetaka kuaga. Ndama dume anakua na kiburi. Mama mkwe wako amesikitika kuhusu mama yako na ametaka nikuandikie dawa ya majani fulani, nimekataa, nimesema anayeandikiwa ni nesi. Fundi wa kaburi amekuja kupima. Tulia amechagua vigae vyeupe, mimi nilitaka vya kijivu, basi ni vyeupe.

Nimemsomea Mama mwanzo wa picha, wote, isipokuwa sehemu ya kidole. Hiyo nimeisoma peke yangu na nimepita.

Sasa nimeelewa kwa nini kijana hakumwita kwa sauti. Lakini mwisho wake sitakuandikia. Siwezi, kwa kuwa niliona nyuso bila maneno, na nikikuandikia nyuso nitakudanganya. Pia sitaki. Ukiupata kwenye bahasha utausoma wakati wa chai na kurudi zamu.

Njia ipo. Nimeifikiria. Ukija Agosti, kesho yake baada ya wageni kuondoka, Tulia ataiweka kompyuta sebuleni na kuitafuta ile sehemu ya stesheni. Utakaa na Mama. Mimi nitakaa chumba cha ndani, na mlangoni tutatundika kitenge. Picha nimeshaiona, ninachokosa ni maneno. Wewe utamsomea Mama maneno yale kwa Kiswahili. Kama na mimi nina masikio, hilo si kosa la mtu.

Umetaja Jumapili ile. Unajua kuwa Godwin alikuwa anatoka hapa kwangu pikipiki ilipomwangusha. Alichokuja kusema asubuhi ile hujaniuliza, nami sitakisema.

Baba wa Godwin,
Anyelwisye


Mpanda
29 Juni 2025

Shikamoo Baba,

Natumaini mpo salama na baridi si kali sana. Mimi ni mzima.

Najua alichokuja kusema. Mimi ndiye niliyemtuma.

Umeme ulipokatika tulibaki gizani na wala haikuwa giza sana, ilikuwa jioni. Godwin akasema kesho tukitoka kanisani twende Kinyala. Nikamwambia siendi tena kwa mtu anayenikimbia kama mwenye ukoma. Akasema mila. Nikasema kama ni mila na si chuki, basi nenda ukamwambie baba yako anionyeshe uso wake mara moja, nitaamini, na sitaomba tena. Akasema haiwezekani. Nikasema basi mimi si mke hapa. Hatukuongea tena jioni ile. Asubuhi aliondoka bila kuniamsha. Nilikuwa macho. Nilisikia pikipiki ikigoma mara mbili, na nilifikiri niamke nimwambie aache. Kitanda kilikuwa cha moto.

Sijawahi kumwambia mtu. Manesi wenzangu walisema ni mapenzi ya Mungu na nikaitikia.

Sasa unajua nani unayemwita Agosti. Ukibadili mawazo sitalaumu.

Pudensiana


Kinyala
13 Julai 2025

Mkwe wangu,

Leo salamu zitakuwa fupi. Sote wazima.

Alifika saa mbili na nusu. Mama alimmiminia chai. Akasema, "Baba, mruhusu mke wangu akuone uso, hata mara moja, ajue kuwa humchukii." Sikumwuliza umelia kiasi gani wala unaumia wapi. Nilimwambia mila haivuliwi kama koti kwa sababu mtu mmoja anasikia joto. Alikuwa na adabu, unajua. Akasimama, chai ikabaki mezani. Nilimsindikiza kwa macho kutoka dirishani. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye kona ya barabara, na niliuona. Mtu yeyote wa hapa angemwambia asubiri saa moja ukungu upande. Mimi nilikuwa nimekasirika, nikasema moyoni aende.

Mama hajui habari ya ukungu. Anajua ya chai tu, maana kikombe alikiosha yeye.

Wewe ulimtuma na mimi nikamwachia. Sijui nani kati yetu amebeba gunia zito zaidi, na safari hii sina mizani.

Sijabadili mawazo. Tarehe ni ile ile.

Anyelwisye


Mpanda
7 Septemba 2025

Shikamoo Baba, shikamoo Mama,

Nilifika salama. Basi liliharibika njiani tukalala Sumbawanga, lakini nilifika. Asanteni kwa ndizi na maziwa mgando. Chupa moja ilifunguka ndani ya begi na sare yangu ya kazi bado inanuka Kinyala. Tulia mwambieni flashi aliyonipa ninayo.

Barua yako ya Julai sikuijibu. Nilipanda basi tu. Hata nilipokata tiketi sikuwa nimeamua, nilikuwa nafanya kama ninavyofanya kila kitu, mkono unakwenda na mimi naufuata.

Siku ya msalaba nilisimama pale pale, upande wa kichwani. Najua ulikuwa nyuma ya migomba. Safari hii nilisogea. Nilikwenda kusimama nyuma ya wanawake, nikajifunika khanga usoni hadi mchungaji alipomaliza, ili wewe uweze kutazama. Sijui kama ulitazama.

Sasa ile Jumapili ya picha, nataka nikwambie ilivyokuwa upande wa sebuleni.

Tulia aliiweka stesheni kama ulivyosema. Wadudu wale wakaanza kupiga kelele, na Mama akasema huko lazima mvua iko karibu. Nilisoma. Ulisikia sauti yangu, ilikuwa ya kawaida kabisa, kama nasoma kadi ya chanjo. Mkuu wa stesheni anasema, "Hii ndiyo ya mwisho kwa leo." Msichana anasema, "Najua." Kijana anafika amechelewa, haiti, anavua kofia tu, na msichana anamwona dirishani na anakaa upande mwingine. Nikasema moyoni, ndiyo hiyo tu? Mwaka mzima nimeibeba hii? Sikusikia chochote. Nilitaka iishe nikasaidie kuosha masufuria ya wageni.

Halafu yule mwanamke mzee ndani ya treni anamuuliza, "Ulikuja kutembea?" Msichana anasema, "Nilikuja kufunga nyumba." Mzee anamuuliza, "Imefungika?" Hapo msichana hajibu, na hakukuwa na maneno ya kusoma, kwa hiyo nikaangalia chini.

Baba, kitenge kilikuwa kifupi. Kiliishia kiasi cha shubiri mbili juu ya sakafu. Nikaona miguu yako, haina viatu. Ulikuwa umekaa kwenye kigoda, miguu imepangwa pamoja kama ya mtu anayengoja kuitwa. Na kwenye mguu wa kulia, kidole cha pili kimepanda juu ya kidole gumba.

Mengine uliyasikia. Nilitaka kunyamaza na sikuweza. Nililia mpaka Mama akaenda kukamua ng'ombe akarudi, nikiwa bado nalia. Imeniuma, Baba. Bado inaniuma hadi leo, kila mahali, kama mkono damu inaporudi. Jana nilimchoma mtoto sindano akapiga kelele na mimi machozi yakanitoka, mama yake akanishangaa. Nilikuwa nimesahau kuwa Godwin hayupo. Namaanisha nilikuwa najua, lakini sasa ndiyo hayupo.

Maneno ya mwisho sikuyasoma na najua unayadai. Yule mzee anatoa chungwa, analimenya, anampa msichana nusu, anasema, "Kula, safari bado ndefu." Ndiyo mwisho. Mnakumbuka treni inavyopita kwenye chai muda mrefu bila mtu kusema? Hapo hakuna maneno. Mlikuwa mmeiona yote.

Naomba radhi kwa kutazama miguu yako. Najua hairuhusiwi. Sikukusudia, na tafadhali Mama asilaumiwe kwa kitenge, nadhani kilirudi kwa kufuliwa.

Mwanao,
Pudensiana


Kinyala
21 Septemba 2025

Mwanangu Pudensiana,

Salamu zako zimefika na zimepokelewa na watu wawili na ndama mmoja. Magoti ya Mama yana nafuu kwa kuwa baridi inapungua. Tulia anasema mwakani anataka kuuza viazi, tumemwacha aseme. Chai iliyokuwa imepogolewa imeanza kuchipua, na nimejaribu mstari mmoja kwa mtindo wa Wajapani. Majirani wanauliza kama nimeanza kuzeeka. Vigae vyeupe vimependeza, nimekubali.

Nilitazama. Ulipojifunika khanga niligeuka, nikamtazama mwanangu mpaka mchungaji alipofunga Biblia. Asante.

Chungwa limenielea. Mama amesema yule mzee ni mtu wa maana kuliko wote kwenye picha.

Kuhusu kitenge. Mama hakukifua, kilikuwa kipya, kimetoka kwenye kabati lake siku hiyo hiyo. Miaka ishirini na saba nimepima chai za watu na hakuna aliyewahi kunirudishia kilo. Kitenge kile nilikikata mwenyewe kwa mkasi wa Tulia, na kabla ya kukata nilikaa kwenye kigoda, nikapima mara mbili.

Godwin aliniomba uso. Uso sikuweza. Lakini kwa baridi ya Agosti, hapa Kinyala hakuna mtu anayekaa bila viatu.

Baba yako,
Anyelwisye